Rafadha Mbili Katika Mhimili Mmoja: Jinsi Faida Yake Inavyopimwa

Wakaaji wa Tanga, Pangani na Muheza wamezoea kuziona eropleni ndogo zirukazo kutoka kiwanja cha Tanga kuvuka bahari kwenda Pemba na Unguja. Puani mwa nyingi za eropleni hizo pana chombo kimoja kizungukacho kwa kasi hata macho hayawezi kukishika. Mabaharia wetu, waliokijua chombo cha namna hiyo tangu zamani chini ya maji, nyuma ya meli, hukiita rafadha, nasi tutalitumia jina hilo hilo. Vile vipande vyake vyembamba vikatavyo hewa tutaviita mabapa.

Wanafunzi wakiitazama rafadha hiyo huuliza swali la akili: ikiwa moja yaivuta eropleni nzima pamoja na abiria na mizigo yao, mbona isiwekwe ya pili nyuma yake, ili eropleni ivutwe zaidi? Swali hilo si la kitoto. Mwaka 1907 Mwingereza F. W. Lanchester alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa namna hiyo hiyo, yaani rafadha mbili zilizofuatana katika mhimili mmoja, moja ikizunguka kuume na nyingine kushoto. Tangu hapo zimeundwa nyingi, na nyingine zimeruka juu ya bahari hii yetu ya Hindi, kama tutakavyoona. Lakini kuunda ni jambo moja, na kujua kama kilichoundwa chafaa ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tutakalolieleza hapa.

Kwanza yatupasa kufahamu rafadha hufanya kazi gani. Mwenye ngalawa apigapo kafi huyasukuma maji nyuma, na kwa sababu maji yamesukumwa nyuma, ngalawa huenda mbele. Rafadha huifanyia hewa vivyo hivyo. Tofauti ni hii: kafi huenda na kurudi, lakini rafadha huzunguka, na kwa hiyo hewa ipitayo kati ya mabapa yake haiendi nyuma tu, bali huzungushwa pia. Hutoka imesokotwa, kama nyuzi za makumbi zisokotwavyo na mwenye kufanya kamba. Hewa iliyosukumwa nyuma imeleta faida, kwa maana ndiyo iliyoipeleka eropleni mbele. Lakini ule msokoto haukuipeleka eropleni popote. Mafuta yaliyoungua kwa ajili ya kuisokota hewa yamepotea.

Mwenye feni ya mezani aweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Achukue kijiti, akifunge nyuzi nyembamba za pamba, kisha akiweke mbele ya feni pale upepo utokapo. Ataona kwamba nyuzi hazinyoki sawasawa, bali hulalia upande, na zile za upande wa juu hulala kinyume cha zile za chini. Sasa achukue ubao mwembamba, ausimamishe kati ya feni na nyuzi, ukingo wake ukiielekea feni ili usiuzuie upepo. Nyuzi zilizo nyuma ya ubao zitanyoka zaidi kuliko kwanza. Twaomba wasomaji waukumbuke ubao huo, kwa sababu tutaurudia.

Basi, ikiwa nyuma ya rafadha ya kwanza imewekwa ya pili izungukayo kinyume, ile ya pili huipokea hewa iliyosokotwa kuume na kuisokota kushoto. Msokoto wa kwanza wafunguliwa na wa pili, na hewa hutoka nyuma karibu imenyoka. Ile kazi ambayo ingepotea katika msokoto huwa imegeuzwa kuwa kazi ya kuvuta. Hiyo ndiyo hoja nzima ya rafadha mbili, na kwa maneno ni hoja nzuri sana.

Tuseme pia kwamba wako waliozitumia rafadha mbili kwa sababu nyingine kabisa. Rafadha moja ikizunguka kuume, chombo chenyewe hutaka kupinduka kushoto. Katika topido, ile silaha ya chini ya maji, jambo hilo lingekuwa baya sana, kwa sababu ingebiringika na kupotea njia. Kwa hiyo topido nyingi za vita kuu ya pili zilikuwa na rafadha mbili zizungukazo kinyume. Pwani yetu ina kumbukumbu chungu ya silaha hizo: meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikichukua askari wengi wa Afrika Mashariki, ilipigwa topido na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Kadhalika eropleni ya Italia ya kuruka majini, Macchi M.C.72, ambayo rubani Francesco Agello aliipeleka kilomita 709 kwa saa mwaka 1934, ilipewa rafadha mbili ili isikandamize boya lake la upande mmoja majini wakati wa kuondoka. Katika vyombo hivi mtu hakuuliza kwanza mafuta kiasi gani yatapona. Aliuliza kama chombo kitakwenda sawa. Sisi tunauliza habari ya mafuta.

Neno litumiwalo kwa kipimo hicho ni ufanisi. Mtu akiteka ndoo 10 kisimani, na ndoo yake ikawa inavuja hata maji yafikayo nyumbani ni ya ndoo 8, ufanisi wa ndoo yake ni 80 kwa mia. Ufanisi wa rafadha ni hivyo hivyo: twahesabu kazi iliyotiwa katika mhimili, twahesabu kazi ya kuvuta iliyotoka, na twaigawanya ya pili kwa ya kwanza.

Kazi iliyotoka hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, yaani nguvu ya kuvuta na mwendo wa eropleni. Kazi iliyotiwa ni ngumu kidogo kuipata. Wazee wa pwani waliokiona kinu cha mafuta ya ufuta kikizungushwa na ngamia wanajua kwamba mti mrefu humpunguzia ngamia uzito, lakini humwongezea safari. Kwa hiyo haitoshi kujua ngamia anasukuma kwa nguvu gani. Lazima tujue pia urefu wa mti, na mara ngapi amezunguka kwa dakika. Nguvu ikizidishwa kwa urefu wa mti hutupa nguvu ya kuzungusha, nayo ikihesabiwa pamoja na idadi ya mizunguko hutupa kazi.

Wapimaji hawairushi eropleni kwanza. Hujenga bomba kubwa sana, mithili ya jumba, na ndani yake feni kubwa huvuta upepo kwa kasi. Rafadha huwekwa katikati ya upepo huo, ikizungushwa na injini ya umeme. Eropleni haiendi, bali upepo ndio uendao, na kwa mizani ni mamoja, kama vile chombo kilichotia nanga katika mkondo wa maji na chombo kiendacho katika maji yaliyotulia. Injini na rafadha yake hutundikwa ili ziweze kusogea mbele kidogo tu, na mizani husoma kwa nguvu ya kilo ngapi zataka kwenda mbele. Hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta. Tena injini huachwa huru kidogo ipate kugeuka, na kwa kuwa huizungusha rafadha kuume, mwili wake wenyewe hutaka kugeuka kushoto. Mkono wa chuma uliotoka ubavuni mwake hulalia mizani nyingine, na mizani hiyo husoma nguvu ya kuzungusha. Kisha huhesabiwa mizunguko, hupimwa kasi ya upepo, na hesabu yaweza kufanywa.

Na tuifanye kwa mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya kujifunza tu. Nguvu ya farasi mmoja, kwa hesabu ya mita, ni kuvuta kwa nguvu ya kilo 75 kwa mwendo wa mita 1 kila sekunde. Tuseme rafadha moja ya mabapa 6 yavuta kwa nguvu ya kilo 1,000, na upepo wapita kwa mita 90 kila sekunde. Mara 1,000 kwa 90 ni 90,000. Tukigawanya kwa 75 twapata nguvu 1,200 za farasi. Ikiwa mhimili ulipewa nguvu 1,500, ufanisi ni 80 kwa mia. Sasa tuiondoe rafadha hiyo, tuweke mbili zizungukazo kinyume, kila moja ya mabapa 3, na kila moja ipewe nguvu 750. Jumla ni 1,500 kama kwanza. Mizani ikisoma kilo 1,050, kazi iliyotoka ni nguvu 1,260, na ufanisi ni 84 kwa mia. Tumeongeza 4.

Msomaji atambue kwamba rafadha moja ya mabapa 6 tumeilinganisha na mbili za mabapa 3, wala si moja ya mabapa 3 na mbili za mabapa 3. Hapa ndipo watu wengi hupotoka. Akilinganisha mabapa 3 na 6, mtu hajui kama tofauti aliyoiona imetokana na kuzunguka kinyume au na wingi wa mabapa. Upana wa duara la rafadha lazima uwe mmoja, na nguvu iliyotiwa iwe moja, na kasi ya upepo iwe moja. Mfanya biashara akipima nazi zake kwa mizani moja na za jirani kwa mizani nyingine, maneno yake hayana maana sokoni, hata kama mizani zote mbili ni njema.

Liko tatizo jingine lisilopatikana katika rafadha moja. Zile mbili zimekaribiana sana, na hewa iliyo kati yao huzisukuma zote mbili. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuipima ya mbele peke yake siku ya Jumatatu, na ya nyuma peke yake siku ya Jumanne, kisha akajumlisha. Ya nyuma ikiwa peke yake hupata hewa iliyotulia, lakini ikiwa nyuma ya mwenzake hupata hewa ya kasi iliyosokotwa, na hiyo si kazi moja. Lazima zizunguke pamoja na kupimwa pamoja, nguvu ya kuvuta katika jumla yake, lakini nguvu ya kuzungusha kwa kila mhimili mbali, kwa maana moja yaweza kula zaidi kuliko mwenzake. Mabapa ya nyuma aghalabu hutegwa kwa pembe tofauti kidogo na ya mbele mpaka zote mbili zile sawa.

Tena ni lazima kusema wazi ni wapi tulipoanza kuhesabu. Rafadha mbili zahitaji magurudumu ya meno ya kuzigeuza kinyume, na magurudumu hayo hula nguvu kidogo na kuigeuza kuwa joto. Mwenye kupima katika mhimili, baada ya magurudumu, hupata tarakimu nzuri kuliko mwenye kupima katika injini. Wote wawili wamesema kweli, lakini anayelipia mafuta yamfaa kumsikiliza yule wa pili.

Majaribio yaliyo mashuhuri katika jambo hili yalifanywa Langley, katika jimbo la Virginia, Marekani, na halmashauri ya elimu ya ndege iliyoitwa kwa kifupi NACA. Walikuwa na bomba la upepo ambalo koo lake lilikuwa na upana wa futi 20, lililojengwa makusudi kwa ajili ya rafadha. Humo David Biermann na Edwin Hartman walizijaribu rafadha za futi 10, za mabapa 4 na za mabapa 6, moja moja na mbili mbili, kwa pembe nyingi mbalimbali, na habari zao zikachapwa mwaka 1942. Waliona kwamba rafadha mbili zizungukazo kinyume huishinda moja kwa kitu kati ya 0 na 6 kwa mia. Yaani pengine faida ni kubwa, na pengine hakuna.

Lakini walifanya jambo moja zaidi, na kwa maoni yetu ndilo lililo bora katika kazi yao yote. Waliweka bawa nyuma ya rafadha, kama lilivyo katika eropleni ya kweli, kisha wakapima tena. Ile faida ikapungua karibu nusu.

Kwa nini? Wasomaji na waukumbuke sasa ule ubao tuliousimamisha mbele ya feni. Bawa la eropleni ni ubao wa namna hiyo. Hewa iliyosokotwa ikilipiga, bawa huunyosha msokoto kwa sehemu, na kwa kufanya hivyo hurudisha sehemu ya kazi iliyokuwa ikipotea. Rafadha ya pili inapokuja, yakuta nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa na bawa, tena bure. Mpimaji asiyeliweka bawa katika bomba lake hakusema uongo, lakini tarakimu yake ni ya rafadha isiyo na eropleni.

Nusu hiyo yaweza kuonekana ndogo. Na tuipime kwa saa. Eropleni yenye mafuta ya kukaa hewani saa 12 kwa ufanisi wa 80, ikipata 84 itakaa saa 12 na dakika 36, ikiwa mengine yote hayakubadilika. Ikipata 82 tu, itakaa saa 12 na dakika 18. Kwa eropleni zenye kulinda bahari, dakika hizo zina maana. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwezi wa Novemba mwaka 1965, na Tanzania kuvunja uhusiano wake na Uingereza kwa ajili ya jambo hilo mwezi uliofuata, Waingereza waliweka ulinzi baharini ili meli za mafuta zisipeleke shehena Beira. Kutoka mwaka 1966 hadi miaka ya kwanza ya 1970 eropleni zao aina ya Shackleton ziliruka kutoka Majunga, katika kisiwa cha Bukini, zikitafuta meli katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Shackleton iliruka mara ya kwanza mwaka 1949. Ilikuwa na injini 4 za Griffon, na kila injini ilizungusha rafadha mbili za mabapa matatu matatu, moja kuume na moja kushoto. Sababu moja ya kuzichagua ilikuwa nguvu ya injini zenyewe: kwa rafadha moja ingehitajika kurefusha mabapa au kuyaongeza, na bapa refu mno hugusa ardhi, au ncha yake huikaribia kasi ya sauti na kuharibu kazi.

Katika manowari Ark Royal na Eagle, zilizoshiriki ulinzi huo mwaka 1966, palikuwa na eropleni nyingine, Gannet, iliyoundwa kwa akili sana. Injini zake mbili zilikaa ubavu kwa ubavu puani, kila moja ikiwa na rafadha yake katika mhimili mmoja. Rubani akitaka kukaa angani muda mrefu aliweza kuizima injini moja na kuisimamisha rafadha yake, akaendelea na ile moja. Alipoteza faida ya kuunyosha msokoto, lakini injini moja ifanyayo kazi kwa nguvu zake hutumia mafuta vizuri kuliko mbili zinazosinzia. Basi tarakimu ya rafadha peke yake haimwambii mtu gharama ya safari nzima.

Gharama nyingine husikika kwa masikio. Kila bapa liachalo njia yake katika hewa huacha nyuma yake mkia wa hewa iliyovurugika, na mabapa ya rafadha ya nyuma huukata mkia huo mara nyingi kila sekunde, na kila kata hutoa sauti. Wanajeshi waliotumika katika Shackleton wengi walipungukiwa na kusikia. Ongeza uzito wa magurudumu ya meno, ongeza mafuta ya kulainisha, ongeza fundi wa kuyakagua, na msomaji ataona kwa nini wengi waliipima faida ile na kuiacha.

Walioishika ni wale wenye nguvu nyingi sana na mwendo mkubwa sana. Warusi walifanya hivyo katika Tu-114, eropleni ya abiria ambayo kila injini yake ilikuwa na nguvu karibu 15,000 za farasi, ikizungusha rafadha mbili za mabapa manne manne. Mwaka 1960 ilipita mwendo wa kilomita 870 kwa saa. Nguvu kubwa namna hiyo huisokota hewa kwa ukali, na msokoto mkali ndio wenye kitu cha kuokoa ndani yake.

Sasa tuirudie eropleni ya Tanga. Cessna Caravan, aina ambayo imechukua abiria kati ya Tanga, Pemba na Unguja kwa miaka mingi, ina injini moja isiyofika nguvu 900. Kutoka Tanga hadi Pemba ni kama kilomita 80, mwendo wa dakika 20 hivi. Tukimpa mwenye eropleni hiyo ile faida ya 82 badala ya 80, ataokoa mafuta ya nusu dakika, naye atakuwa amenunua rafadha ya pili, magurudumu yake na uzito wake, na kuacha abiria mmoja kiwanjani ili vitu hivyo vipate nafasi. Mwanafunzi aliyeuliza mbona isiwekwe ya pili apewe hesabu hii aifanye mwenyewe.

Mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970, wahandisi wa Marekani waliyarudia mambo haya, na mwaka 1986 kampuni ya General Electric ilirusha injini yenye safu mbili za mabapa zizungukazo kinyume. Mafuta yalipungua, lakini haikuingia katika biashara. Mwaka 2021 kampuni hiyo na Safran ya Ufaransa, katika shirika lao CFM, walitangaza mpango mwingine uitwao RISE. Safari hii safu ya mbele huzunguka, na ya nyuma husimama tuli. Mabapa yasiyozunguka huunyosha msokoto kama ule ubao wetu, wala hayahitaji magurudumu ya kuyageuza kinyume. Lakini kwa kuwa hewa inaponyoshwa nayo pia husukumwa mbele, mizani ya kuipima injini hiyo yapaswa kuibeba safu inayozunguka na safu iliyotulia kwa pamoja. Mpimaji akiipima ile izungukayo peke yake, ataiacha nje ya hesabu faida yote aliyokuja kuitafuta.